Mchele wa Kifua cha Tunu

Sogeeni, na mwenye kikohozi akikohoe sasa, maana nikishaanza sisimami hata nyumba ikiungua. Wapo wengine wanaoisimulia hadithi hii, lakini wanaichapia tu. Yenyewe ni hii yangu.

Katika mji mmoja wa pwani, siutaji, maana nikiutaja wenyewe watanijia juu, walikuwako wanawake watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Bi Chausiku, kungwi. Kipaji chake kilikuwa viganjani. Mwali akishapita mikononi mwake kusingwa mwili kwa manukato, basi. Hata ipite miaka, mfumbe macho Bi Chausiku, mpe bega alishike, atakwambia huyu ni fulani binti fulani, na mwaka huu amekonda.

Wa pili alikuwa Mwanamvua, fundi cherehani. Kipaji chake kilikuwa machoni. Futi ya kupimia aliivaa shingoni kama pambo. Ukipita mlangoni kwake kwenda kununua chumvi, ukirudi keshakukatia gauni. Na gauni hilo likikubana, ujue umenenepa njiani.

Wa tatu alikuwa Riziki, muuza mchele sokoni. Kipaji chake kilikuwa kwenye kifundo cha mkono. Mwambie robo: anachota, anamwaga, na mshale wa mizani unasimama penye robo kama umepigiliwa msumari. Watu walikwenda kununua mchele wasiouhitaji, ili waone tu.

Sasa alikuwako na mwanamke wa nne, Tunu. Huyu hakuwa na kipaji. Alikuwa na maradhi.

Tunu aliugua saratani ya matiti. Akakatwa la kushoto, baadaye na la kulia. Mwili ukapona, moyo ukakataa. Siku aliyorudi kutoka hospitali alizikusanya sidiria zake zote uani akazitia moto, gauni zake akazigawa, akaingia chumbani, akakaa. Jirani akija kumjulia hali, Tunu anajifunika kanga mpaka kidevuni, na joto lile mnalijua. Mumewe Mbaruku, mtu mpole, alilala upande wake wa kitanda kama mgeni aliyeombwa asiguse vyombo.

Ndipo muuguzi akampigia simu. Daktari bingwa anakuja kutoka mbali, hatakaa sana, atawawekea matiti ya bandia wale waliokatwa. Ni vifuko laini, vinaingizwa chini ya ngozi. Ila vifuko vyenyewe vinaagizwa, na kila mgonjwa aseme mapema anataka vya ujazo gani.

"Ujazo? Mimi nitaujuaje?" Tunu akauliza.

"Tia mchele kwenye soksi, dada, uvae ndani ya sidiria, ujitazame. Ukisema hapa ndipo, umwage ule mchele kwenye jagi lenye mistari ya mililita, utusomee namba."

"Na nikikosea?"

"Daktari na yeye atakupima. Lakini atakachokuwa nacho mkononi ni kile kilichoagizwa. Kikikukataa, atakurudisha nyumbani ulivyo. Na sijui atakuja tena lini."

Tunu akaanza mwenyewe. Akaazima sidiria, akajaza soksi, akavaa, akasimama mbele ya kioo cha kabati. Mchele umezidi. Akapunguza. Umepungua. Akaongeza. Kila alipojitazama alimwona mtu mwingine kioo kizima, mara shangazi yake, mara msichana wa shule. Jamani, titi unalo tangu ujana, umelinyonyeshea, umelilalia, umelifunga na kulifungua, lakini ni nani aliyewahi kulipima? Akamwita mumewe.

"Baba Sharifa, hebu niambie. Yalikuwa makubwa kiasi gani?"

Mbaruku akatazama dari. Akatazama mlango. "Yalikuwa… wastani."

"Wastani wa nini?"

"Wastani wako wewe."

Tunu akaketi sakafuni, mchele umemwagika miguuni, akalia mpaka akashikwa na kwikwi. Alipoweza kusema, akasema, "Sitaki makubwa. Sitaki kuwa mzuri kuliko mtu. Nataka nirudi kuwa mimi. Na atakayenirudisha nilivyokuwa, huyo ndiye atakayenitoa nje."

Hapa nieleze kidogo kwa faida ya wageni. Kwa watu wa mji ule, mgonjwa aliyekaa ndani muda mrefu havuki kizingiti hivi hivi kama kuku. Anatolewa. Anasimama nyuma ya mlango, ananyoosha mkono wa kulia, mtu mmoja anaushika na kumvusha. Mmoja tu. Wakishashikana, ni wao mpaka kaburini: huyu akifiwa, yule anakaa naye, yule akiugua, huyu anamwuguza, na wa kwanza kufa anaoshwa na mwenzake. Wenyewe wanasema kushikana huko kumepita undugu, maana ndugu hukumchagua.

Wale watatu wakasikia. Wakaja.

Bi Chausiku akafumba macho. "Njoo, mwanangu. Nilikusinga mimi ulipokuwa mwali, na viganja hivi havina usahaulifu." Akavikunja hewani kama mtu anayekinga maji. "Hivi. Ndivyo ulivyokuwa. Asibishe mtu." Na hakubisha mtu.

Mwanamvua akavitazama vile viganja, jicho moja amelifumba, pini mdomoni. Hakuigusa futi. Akachukua kitambaa laini cha bitana, akakata, akashona vifuko viwili pale pale kwa cherehani ya mkono aliyokuja nayo, haijapata hata moto. "Tayari. Mbona hamkuniita mapema mkajisumbua na soksi?"

Riziki akatandika kanga chini, akapiga goti. Alileta mchele wake mwenyewe, uliochambuliwa punje kwa punje. Akajaza vifuko, akavigonga kidogo ushuke, akajaza tena, akafunga kwa uzi. "Vaa, dada."

Tunu akavaa. Wote watatu wakasimama nyuma yake wakimtazama kiooni, na yeye akajitazama kwa muda mrefu. Alitamani kitu fulani ndani yake kiseme ndiyo. Hakikusema. Hakikusema hata hapana.

"Sijui," akasema. "Mimi sijui tena. Semeni nyinyi."

"Ndivyo," akasema Bi Chausiku.

"Ndivyo kabisa," akasema Mwanamvua.

Riziki hakusema, alikwisha kuuchukua mchele wa kifuko kimoja akaumwaga kwenye jagi, akasoma: mia tatu na ishirini. Tunu akaitaja namba ile kwenye simu kama mtu anayetaja jina la mtoto asiye wake.

Daktari akaja. Akampima Tunu kwa vyombo vyake, akaitazama namba iliyoagizwa, akavua miwani. "Nani aliyekukadiria?" akauliza. "Hata mimi ningeagiza hiki hiki." Akamfanyia upasuaji. Na bandeji zilipofunguliwa nyumbani, Tunu akasimama tena mbele ya kile kioo, akaikunja mikono chini ya kifua, vile alivyozoea kuikunja akingoja sufuria ichemke. Mikono ikakaa mahali pake.

"Ni mimi," akasema.

Nyuma yake Mbaruku alitafuta neno jingine, likatoka lile lile: "Wastani." Akalia mtu mzima, wala hakujificha.

Mngetaka iishie hapo, eh? Hata Tunu alitaka hivyo.

Siku ya kutolewa, uani palijaa wanawake, pilau imefunikwa, vigelegele tayari kooni. Tunu akasimama nyuma ya kizingiti. Mishono ilikuwa bado mibichi, daktari alimwonya asiinue mikono ovyo, lakini alimeza maumivu akanyoosha mkono wa kulia nje ya mlango.

Ikaja mikono mitatu.

"Rudisheni mikono yenu," akasema Bi Chausiku. "Bila viganja vyangu mngeshona nini? Mngejaza nini?"

"Viganja vyako hivyo, bibi?" Mwanamvua akacheka. "Ulimsinga hajafika hata miaka kumi na mitano! Ulitukunjia vindimu viwili, na mwenzako amezaa watatu. Ningekufuata wewe, Tunu angebaki na chunusi. Bahati yake niliongeza."

"Uliongeza?"

"Vidole viwili kila upande. Mimi sishoni kitu bila nafasi. Wateja wananenepa."

"Kumbe jicho lenyewe hukulitumia!" akadakia Riziki. "Umeshona mazoea."

"Wewe nyamaza, nilikuona. Kabla hujasoma lile jagi ulitupia konzi ya mchele."

Riziki akautazama mkono wake kama si wake. "Ile ni nyongeza," akasema polepole. "Mteja haondoki kwangu bila nyongeza. Mkono ulikwenda wenyewe."

Kisha mwanamke mmoja, sahani mkononi, akahesabu kwa sauti: "Kungwi amepunguza. Fundi amezidisha, lakini haijatosha. Mchele ukazidisha tena, ndipo ikatimia. Jamani, hakuna aliyepatia!"

"Na angepatia mmoja tu kati yao," akasema mwingine, "Tunu angeharibika."

Tunu alisikia yote hayo akiwa amesimama, mkono uko nje, mwili uko ndani. Huo mwili alioungojea kwa machozi, akajitambua kiooni, kumbe ulitokana na kumbukumbu ya zamani, na tabia ya cherehani, na tabia ya soko. Yeye mwenyewe hakutia hata punje. Akatafuta hasira, hakuipata. Ulikuwa mwili wake, na ulikuwa sawa.

"Nishikeni wote watatu," akasema.

"Haiwi!" wanawake wa uani wakaitikia.

"Basi nirudi ndani."

Wakapiga kelele za hofu. Mkono uliokwisha kunyooshwa haurudi mtupu. Kwa imani yao, ukirudi, mwenyewe hatoki tena isipokuwa amebebwa.

Bi Chausiku akaacha kupandisha sauti. "Tunu, mimi sikuzaa binti. Nimewaosha wanawake wa mji huu mpaka mgongo umepinda, na simjui atakayeniosha mimi."

"Mimi nimetoka Kigoma," akasema Mwanamvua, macho chini. "Hapa sina hata kaburi la kulifagilia."

Riziki akajifuta kiganja kwenye kanga. "Dada yangu alikufa kwa maradhi yako haya haya. Alininyooshea mkono, akaambiwa niko sokoni."

Tunu akamtazama mumewe kwa mbali. Mbaruku akatazama mbingu, maana dari haikuwapo. Mishono ikaanza kuvuta. Mkono ukashuka kidogo, vidole vikafunguka, na ile mikono mitatu ikasogea, kila mmoja umebakiza nafasi ya ukucha.

Mimi kesi nimeziamua nyingi, na waliokuja kwangu wanagombana waliondoka wameshikana mikono, lakini hii imenishinda. Nyinyi mmekaa, mabega yenu hayana mshono, akili zenu zimepumzika. Basi amueni, tena upesi, maana mkono wa Tunu unashuka. Wewe hapo, ndiyo, wewe unayetazama pembeni: ungekuwa ni Tunu, ungempa nani?