Sanduku Lililokataliwa Dunguni

Usiisome nusu ukaiacha. Mimi niliiacha nusu, roho ikanikera mpaka nikarudi kuimaliza huku mboga ikiungua jikoni.

Katika bonde moja la mpunga, kila mkulima hujenga dungu, yaani kibanda cha juu ya nguzo ndefu cha kulindia shamba. Mafuriko yakija, watu huhamia humo na kusubiri maji yashuke.

Mwaka mmoja yalizidi kupanda tu. Asubuhi yalifika magotini, saa sita yakawa ndani ya zahanati. Nesi Havijawa akapakia dawa zote kwenye sanduku la bati, akapiga kasia mbio hadi kwenye dungu la Mzee Ngayonga, kubwa na imara kuliko yote.

"Shikamoo, mzee. Naomba pembe moja tu niweke dawa za watu. Zikilowa, kuhara kutatumaliza."

"Marahaba. Humu nimeweka mbegu zangu. Tena nikipokea hilo sanduku, kesho kijiji kizima kitanipandia hapa na matope yao."

"Mzee, maji yanapanda!"

"Ndiyo maana nakwambia uwahi kwingine, mwanangu."

Jamani! Mtu kama huyo utamfanya nini?

Nesi akageuza mtumbwi. Akafika kwa Bi Somoe, mjane mwenye dungu bovu linaloyumba mtu akipiga chafya. Bi Somoe alisikiliza, akalishusha gunia lake pekee la mbegu na kulifunga kwenye nguzo, maji yakalilowesha.

"Mbegu nitaomba kwa jirani," alisema. "Dawa nitaomba kwa nani? Pandisha."

Tangu siku hiyo mitumbwi yote ikawa inaelekea kwa Bi Somoe kufuata dawa. Na kwa desturi ya bonde, hupandi dungu la mtu mikono mitupu. Huyu alileta samaki, yule kuni kavu, mwingine mti wa kuegemeza nguzo. Dungu bovu likasimama wima.

Siku ya tano, kamba ya mtumbwi wa Mzee Ngayonga ilikatika, mtumbwi ukachukuliwa na maji. Asubuhi hiyohiyo mkewe, Bi Mwajabu, akaanza kuhara na kutapika. Kufika adhuhuri macho yalikuwa yameingia ndani, hata kuitika hawezi. Mzee akapunga kanga, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mitumbwi aliiona kwa mbali, ila hakuna aliyekuwa na shughuli upande wake. Alipata hofu ambayo hajawahi kuijua. Akaanza kusukumia magunia yake majini, moja baada ya jingine, ili mkewe apate pa kujinyoosha.

Alasiri mtumbwi mmoja ukakata kona. Alikuwa Nesi Havijawa.

"Umenisikia?" mzee aliuliza.

"Sijasikia kitu, mzee. Jana ilikuwa siku yako ya dawa ya presha, hukuja. Nikaingiwa na wasiwasi."

Akamtundikia Bi Mwajabu dripu kwenye boriti. Mama wa watu aliponea chupuchupu.

Maji yaliposhuka, Mzee Ngayonga alilibomoa dungu lake, akazibeba nguzo mwenyewe hadi zahanati ili jengo linyanyuliwe juu. Alipoulizwa sababu, alijibu huku akifuta machozi:

"Nilidhani nimekataa sanduku. Kumbe nilikataa mitumbwi."

Funzo: Ukiinyima nafasi dawa ya jirani, umeifunga njia ambayo msaada ungepitia kukufikia wewe.