Bibi Harusi wa Mmojammoja

Kale na kale!

Ah, itikieni kama watu mliokula. Kale na kale!

"Na iwe kale!"

Haya. Na iwe kale ile ambayo hata babu wa babu yangu aliisikia tu, enzi majabali yalikuwa bado laini na bahari haijajua mpaka wake. Sogeeni huku, hapo panavuja. Saumu, nishikie ncha ya ukili huu wa mkeka. Usivute, mwanangu, shika tu.

Umeniuliza kwa nini shangazi yako, siku ile tunampeleka kwa mumewe, alipofika juu ya jabali alitembea kinyumenyume. Wenzako walicheka. Mimi sikucheka. Leo nitakwambia, na Haji amwache paka wa watu asikilize.

Hapo kale palikuwa na miji miwili, Shungi na Majumbini, na kati yao jabali. Si jabali la mchezo. Huku mwamba, huku bahari, katikati njia. Njia inapanda, njia inashuka, njia inapinda. Siku ya jua ukisimama kule juu utasema, subhanallah! Maji ya kijani, povu jeupe, ndege wanaruka chini ya miguu yako. Watu walikuwa wakisimama kutazama mpaka wakasahau kuwa wana mizigo kichwani. Lakini kusi likivuma, weee! Bahari inapiga chini, jabali linatetemeka, na maji yanapenya kwenye mashimo ya mwamba yanakurukia usoni.

Mahali pembamba kuliko pote paliitwa Mmojammoja. Hapapishani wawili. Kwa hiyo watu wa kule walikuwa na desturi yao: huingii Mmojammoja bila kupiga hodi. Unasimama mwanzoni unaita, "Hodi njia!" Kama mna mtu atakujibu, "Ina mwenyewe!" Unamngoja atoke, mnaamkiana, unapita. Kukiwa kimya, unaingia. Njia ilibishiwa hodi kama nyumba. Nyinyi siku hizi hata nyumbani kwa watu mnaingia kama mbuzi.

Na Majumbini walikuwa na desturi nyingine. Bibi harusi akishatoka kwa babake, hageuzi uso nyuma mpaka afike kwa mume. Akigeuka amejirudisha mwenyewe, harusi imekufa njiani. Mmoja aligeuka kwa kuwa alimsikia mamake analia. Masikini, aliishia kuzeeka jikoni kwao, akipepeta mchele wa harusi za wenzake.

Basi palikuwa na msichana wa Shungi, jina lake Mwatime. Aliposwa na kijana wa Majumbini, naye alimpenda, nisiwafiche. Alimpenda mpaka chakula hakishuki. Siku ya kupelekwa, kusi likaamka vibaya. Aliyekuja kumchukua ni mjomba wa bwana harusi, Mzee Kheri, mtu mkweli sana, lakini kichwa kigumu kama kifuu cha nazi.

Mamake Mwatime akasema, "Tungoje upepo utulie."

"Siku ikishatajwa imetajwa," akasema Mzee Kheri. "Twende."

Wakaondoka. Mzee Kheri mbele. Mwatime nyuma yake, amefunikwa kisutu chekundu, ile kanga ya harusi. Nyuma ya Mwatime, somo yake Bi Hidaya, aliyemfunda unyumba tangu alipovunja ungo. Nyuma kabisa wanawake wenye makasha. Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Upepo unapiga, wanainama. Maji yanaruka, wanafumba macho. Wakaenda mpaka Mmojammoja.

"Hodi njia!" akaita Mzee Kheri. Kimya. "Hodi njia!" Kimya. Wakaingia.

Kumbe upande wa pili naye mtu amepiga hodi, na upepo umeila sauti yake kama ulivyoila ya Mzee Kheri. Wakakutana katikati, pua kwa pua. Alikuwa mchoma chokaa wa Majumbini, aitwaye Makame. Amembeba mkewe mgongoni, amemfunga kwa shuka. Mkewe alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya, na mkunga alikuwa mmoja tu, huko Shungi.

"Shikamoo, Mzee Kheri. Nipisheni."

"Marahaba. Rudi wewe, Makame. Nina bibi harusi hapa."

"Mzee wangu, nikirudi naye nitafika na maiti mbili."

"Na mimi nikimrudisha huyu, dada yangu nitamwambia nini? Harusi imefia njiani?"

Kila mmoja ana haki yake, mnaona? Hapo ndipo pagumu. Mbaya angekuwepo ningewaambia huyu ndiye mbaya, tukamaliza tukalala. Mke wa Makame akaanza kulia. Hakuwa na nguvu ya kusema. Chini maji yanapanda, kila wimbi linakuja juu kidogo kuliko mwenzake.

"Somo," akasema Mwatime, "nikigeuka?"

"Ukigeuka huna mume, mwanangu."

"Tusipopisha?"

Bi Hidaya akamtazama yule mwanamke mgongoni kwa Makame.

Mwatime akalia. Ndiyo, alilia, tena kwa kwikwi. Alimtaka mumewe, alimwogopa baba yake, na kile kilio cha mbele yake hakikumwacha. Halafu akavua kisutu usoni akakifunga kiunoni.

"Wamekataza uso kugeuka," akasema. "Miguu hawakuitaja. Somo, geuka wewe, tangulia. Kila hatua nitazamie, uniambie. Uwe macho yangu."

"Utaanguka, binti!" Mzee Kheri akapiga kelele.

"Basi niombee dua, mjomba."

Wanawake wa nyuma wakageuka, wakarudi na makasha yao, mmoja akatangulizwa mbio kumwita mkunga. Bi Hidaya akageuka, mkono wake mmoja nyuma, ameshika kile kisutu kiunoni kwa Mwatime. Na Mwatime akarudi kinyumenyume juu ya Mmojammoja, kusi linavuma, uso umeelekea kwa mumewe.

"Mguu wa kulia. Hapo. Wa kushoto. Hapo. Simama, wimbi!" Wanasimama. Maji yanawalowesha. "Mguu wa kulia. Hapo."

Mara Bi Hidaya akasita. "Mwanangu, sasa kuna ufa. Inua mguu, upeleke nyuma sana."

"Sana kiasi gani?"

"Kama unavuka kizingiti cha jikoni kwenu, na mikononi una sufuria la uji."

Mwatime akavuka mguu mmoja. Wa pili ukateleza, mwamba ukamchana kisigino mpaka mfupani. Akapiga yowe. Bi Hidaya akavuta kisutu kwa nguvu zake zote. Uso haukugeuka, watoto wangu. Mzee Kheri alikuwa mbele yake anautazama, na machozi yanamtoka mzee wa watu.

Wakatoka wote, na Makame na mzigo wake nyuma yao. Mkunga alikutana nao pale pale, chini ya jabali. Wanawake wakasimama duara kuzuia upepo. Mtoto akageuzwa, akazaliwa, wa kike, na mama naye salama. Hapakuwa na muda wa kufungua makasha; kitambaa cha karibu kilikuwa kisutu kile, nacho kilikuwa maji matupu. Wakakikamua, wakamfungia.

Mwatime akalala pale pale chini ya jabali, uso umeelekea Majumbini; kesho yake kusi likapoa kidogo, wakaenda tena. Bibi harusi akaingia Majumbini amechelewa siku nzima, hana kisutu, anachechemea. Wanawake wakaanza kunong'ona: amegeuka huyo, amejirudisha huyo. Mamake bwana harusi, Bi Rukia, akatoka mlangoni. Hakumtazama mkwe. Alimtazama ndugu yake.

"Kheri, wewe husemi uongo. Huyu mtoto alirudi?"

"Alirudi, dada."

Mwatime akafumba macho.

"Uso wake ulikuwa wapi?"

"Kwako, dada. Tangu mwanzo mpaka mwisho, na damu inamtoka."

Bi Rukia akageukia wale wanong'onaji. "Sasa mnanong'ona nini? Alikuwa anakuja! Leteni maji nimwoshe mguu mkwe wangu." Na akamwosha kwa mikono yake.

Ndiyo maana kila bibi harusi wetu akifika pale hupiga hatua chache za nyuma. Desturi waliiweka watu ili watu wafike. Kumpisha mwenzio si kupotea njia, mradi ujue uso umeuelekeza wapi. Mwatime alichechemea mpaka kufa kwake, na hakuna aliyewahi kumcheka.

Na yule mtoto wa kwenye kisutu? Alikua, akaolewa, akazaa, wakazaana, mpaka akazaliwa mama yangu. Kwa hiyo, Saumu, hatua zile za nyuma ndizo zilizokuleta wewe hapa kunishikia ukili.

Mzigo wangu nimeutua. Aliyeupenda ajitwike, ambaye umemlemea auache hapa, nitausukia mkeka.