Kumuaga Havijawa Mara ya Nne

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Mto!
Na ng'ambo ya mto?
— Vyuo!
Na huku kwetu?
— Masufuria!

Haya, mmeitikia vizuri, isipokuwa huyo anayetafuna muwa kule nyuma. Meza kwanza, bwana. Hadithi haishindani na muwa.

Hapo zamani palikuwa na kindi mmoja mjane, jina lake Bi Somoe, na binti yake, jina lake Havijawa. Huyu Havijawa alikuwa na mambo mawili tu kichwani. La kwanza ni kusomea uganga wa mifupa, kwa sababu baba yake alianguka mtini akavunjika, na kijiji kizima hakikuwa na wa kumuunga. La pili ni mpira wa vinyoya. Wengine huuita badmintoni. Sisi tutauita vinyoya, ulimi upumzike.

Mchezo wenyewe ni hivi. Unafunga wavu kati ya miti miwili. Unachukua kipande cha gunzi, unakichomeka manyoya ya kanga. Unakipiga kwa raketi, mwenzako anakirudisha, na kikianguka kwako umeshindwa. Basi, hakuna la ziada. Lakini ungemwona Havijawa anavyoruka, ungesahau ulikokuwa unakwenda.

Raketi yake aliisuka mama yake mwenyewe, kwa ufito na nyuzi za mkonge. Uzi mmoja ulilegea, na Bi Somoe alivuta, akavuta, akautukana, uzi haukukaza. Kwa hiyo raketi za wenzake zililia "Pwa!" na ya Havijawa ililia "Pwa-ng'e!" Kijiji kizima kiliijua sauti hiyo. Watoto waliicheka. Bi Somoe aliona haya kidogo, lakini Havijawa hakutaka nyingine.

Sasa, huku kwetu hapakuwa na chuo. Vyuo vilikuwa ng'ambo. Siku moja mbayuwayu alipita akasema kwamba ng'ambo kuna chuo kimoja kinafundisha uganga wa mifupa asubuhi, na jioni wanafunzi wake wanacheza vinyoya. Havijawa alisikia, mkia ukamsimama.

"Mama, hicho ndicho."

Shida ilikuwa moja tu, na ilikuwa kubwa kweli kweli. Ilikuwa Bwana Kiboko.

Bwana Kiboko ndiye aliyevusha watu. Njia za ng'ambo alizijua yeye peke yake, na vyuo alivijua yeye peke yake. Ukitaka kwenda kusoma, unapanda mgongoni mwake, na atakakokushusha ndiko chuoni kwako. Na mila ya kijiji chetu ilikuwa hii: msafiri haondoki bila shibe ya kuaga. Kijiji kinapikiwa, kinakula, kinaomba dua. Mvushaji anakula wa kwanza, na mvushaji anakula wa mwisho. Na msafiri akirudi, akitaka kuondoka tena, anaagwa upya, kwa kuwa baraka za mwanzo zimeoshwa na maji ya mto.

Nani aliitunga mila hiyo? Msiniulize mimi. Muulizeni aliyenenepa.

Basi Bi Somoe alifungua ghala. Akatoa njugu, akatoa mihogo, akatoa mahindi. Akapika tangu alfajiri. Bwana Kiboko alikuja, akakaa, ardhi ikatikisika: tii!

"Shikamoo, Mjomba," alisema Havijawa.

"Marahaba. Sinia liko wapi?"

Nyaf, nyaf, nyaf, gubu! Akala wa kwanza. Watu wakala. Nyaf, nyaf, nyaf, gubu! Akala wa mwisho.

"Mjomba," alisema Havijawa, "ninataka chuo cha mifupa chenye vinyoya."

"Nimekusikia."

"Chenye vinyoya, Mjomba."

"Mtoto, mimi nimevusha watu tangu bibi yako hajaota meno. Panda. Na hiyo raketi ni mzigo wa pili, ina sinia lake."

Bi Somoe akaleta sinia la raketi. Nyaf, nyaf, gubu! Chubwiii, majini.

Bi Somoe alirudi nyumbani na mgongo unamuuma, lakini moyo ulikuwa mweupe. Hata jungu hajalisugua, akasikia kutoka ng'ambo:

*Mjomba, Mjomba Kiboko,*
*njoo unichukue!*
*Chuo kipo, vinyoya havipo,*
*njoo unichukue!*

Havijawa alirudi na tope mpaka masikioni. Chuo alichoshushwa kilikuwa cha nyati, na nyati walikuwa wanacheza mpira wa miguu. Walimweka golini. Mpira ulikuwa mkubwa kuliko yeye.

"Bwana Kiboko," alisema Bi Somoe, "tulisema vinyoya."

"Kwani pale hakuna mpira?"

"Upo, lakini wa miguu."

"Mpira ni mpira, Bi Somoe. Washa moto, tumuage upya."

Bi Somoe akawasha moto. Njugu, mihogo, mahindi. Jirani yake, Bi Kanga, ambaye ndiye aliyekuwa anatoa manyoya ya mchezo, alikuja kusaidia kupepeta, na mdomo wake alikuja nao.

"Shoga, mtoto huyu anafuata elimu au anafuata manyoya?"

"Anafuata vyote viwili. Mikono si anayo miwili?"

"Lakini mpira ni mpira, shoga."

Bi Somoe alipepeta kwa nguvu, pumba zikamwingia Bi Kanga puani.

Nyaf, nyaf, nyaf, gubu, wa kwanza. Nyaf, nyaf, nyaf, gubu, wa mwisho. Sinia la raketi. Chubwiii! Hata moshi haujaisha jikoni:

*Mjomba, Mjomba Kiboko,*
*njoo unichukue!*
*Chuo kipo, vinyoya havipo,*
*njoo unichukue!*

Safari hii kilikuwa chuo cha twiga. Walikuwa wanacheza mpira wa pete, na pete yenyewe Havijawa hakuiona. Aliambiwa iko huko juu, aamini tu.

"Mpira ni mpira," alisema Bwana Kiboko. "Washa moto, tumuage upya."

Bi Somoe akapika mara ya tatu. Sasa hakuwa anaimba jikoni. Alikuwa anazozana na kuni. Alizozana na chumvi. Mtu akimwambia "hongera, mtoto anakwenda ng'ambo," alimwangalia mpaka anaondoka. Alichoka, na alikuwa amekasirika kwa kuchoka. Kila akichota ghalani, kata iligonga chini: ko! ko!

Nyaf, nyaf, gubu, mara ya kwanza na ya mwisho, na sinia la raketi. Chubwiii! Na Havijawa akaimba tena, na akarudi tena. Chuo cha tatu kilikuwa cha nguchiro. Wavu ulikuwepo, ndiyo, ila ulikuwa umeanikiwa dagaa, na alipouliza vinyoya aliambiwa viko kabatini, na mwenye ufunguo wa kabati amesafiri, na hakuna anayejua alikokwenda.

"Umeona?" alisema Bwana Kiboko. "Wavu upo. Tunakaribia. Washa moto."

Bi Somoe alikwenda ghalani. Hapakuwa na njugu wala mihogo. Palikuwa na kikapu kimoja kimefunikwa, na ndani yake mlikuwa na mbegu, mbegu za kupanda mvua ikinyesha. Alisimama pale akakiangalia. Akiipika mbegu hiyo, hakuna shibe ya tano. Safari hii ikiharibika, Havijawa atabaki nyumbani, atazeeka juu ya mti anatupa gunzi peke yake, na atakayevunjika mfupa atakufa kama alivyokufa baba yake Havijawa. Bi Somoe alilia kidogo. Kisha akafuta macho kwa mkia, akabeba kikapu.

Havijawa alikuwa ameketi mlangoni. Alimtazama mama yake akipita na kikapu. Akamtazama Bwana Kiboko, ambaye alikuwa amelala chali akingoja chakula na kujiimbia polepole, "Mjomba, Mjomba Kiboko, njoo unichukue." Aliimba kwa furaha sana.

Havijawa akamtazama mara ya pili, kwa muda mrefu.

Mbegu ikapikwa, ikapakuliwa. Bwana Kiboko akafungua mdomo.

"Mjomba," alisema Havijawa, "safari hii sina makuu. Nipeleke chuo chochote."

"Chochote?"

"Cha nyati, sawa. Cha twiga, sawa. Cha kuvutana kamba na tembo, sawa pia. Ila nakuomba, nakushika miguu, usinipeleke penye vinyoya."

Taya za Bwana Kiboko zilisimama. Mbegu zikamdondoka.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nimevichoka. Nikisikia ile 'pwa' kichwa kinaniuma. Ukinishusha chuo cha vinyoya sikai, Mjomba. Nitaimba unirudishe kabla mgongo wako haujakauka."

"Haujakauka, eti?" alisema Bwana Kiboko. Masikio yake yakacheza: twi! twi!

Mnacheka nini? Bi Somoe hakucheka. Bi Somoe aliuacha mwiko ukaanguka.

"Havijawa! Unasema nini?"

"Ninasema ukweli, Mama."

"Mbegu nimepika! Mbegu! Nimeunguza vidole, nimegombana na jirani, ghala limekuwa jeupe, halafu unaniambia umevichoka?"

"Mimi nilisema," alisema Bi Kanga.

"Na hiyo raketi, Mama, itupe," alisema Havijawa. "Sitaki hata kuiona."

Hapo Bi Somoe alisikia uchungu ambao hakuwahi kuusikia tangu mumewe aanguke. Aliichukua raketi ukutani. Aliiweka gotini aivunje. Mikono ilikataa.

"Lete, lete, Bi Somoe!" alisema Bwana Kiboko, na tayari alikuwa amesimama. "Raketi haitupwi. Kazi ya mikono ya mama, itupwe? Nitambebea mwenyewe. Wala sitaki sinia lake."

Ndiyo, yeye. Yule yule wa mzigo wa pili. Akaing'ata kwa meno ya mbele, taratibu, akamweka Havijawa mgongoni, akaingia majini anacheka puani. Chubwiii! Havijawa hakugeuka kumpungia mama yake. Angegeuka angecheka, au angelia, na vyote viwili vingeharibu kazi.

Bwana Kiboko alirudi upesi, raketi hana.

"Nimemshusha," alisema. "Usizime moto, Bi Somoe. Huyu harudi kesho, anarudi sasa hivi." Akajilaza majini karibu na ukingo, macho nje, masikio nje, anangoja wimbo.

Bi Somoe hakuwa na cha kupika. Alikaa ukingoni, akamkasirikia Kiboko, akamkasirikia Kanga, akamkasirikia mbayuwayu aliyeleta habari. Zaidi alimkasirikia Havijawa. Sufuria lilikuwa tupu kando yake, na alilikasirikia nalo.

Jioni upepo uligeuka, ukaanza kuvuma kutoka ng'ambo. Ukaja na sauti ndogo.

Pwa!

Bi Somoe akainua kichwa.

Pwa! Pwa!

Akasimama.

Pwa-ng'e!

Hakuna uzi mwingine duniani unaolia hivyo. Pwa! Pwa-ng'e! Pwa! Pwa-ng'e! Mtu alikuwa anapiga, na mtu alikuwa anarudisha, na kinyoya kilikuwa hakianguki. Bi Somoe alishika mdomo kwa mikono miwili. Ndipo akaelewa yote, nusu saa nzima baada yenu. Alicheka huku machozi yanamtoka, akamwita mwanawe mshenzi, mwongo, mwana wa baba yake, akamwomba Mungu amlinde.

"Bi Somoe!" aliita Bwana Kiboko. "Umesikia kitu?"

Bi Somoe akajifuta macho. Akavuta pumzi.

"Nimesikia upepo, Bwana Kiboko."

"Hajaimba?"

"Bado. Ila usitoke majini. Ukitoka akaimba, nani atamleta?"

"Kweli."

"Na masikio uyaache nje. Wimbo wake mdogo, unaweza kukupita."

"Kweli kabisa, Bi Somoe."

Kesho yake Bi Somoe alimwomba Bi Kanga mbegu, na Bi Kanga, kwa mara ya kwanza, alitoa bila neno. Akalima ukingoni. Ko! ko! ko!

"Unafanya nini, Bi Somoe?"

"Ninalima, Bwana Kiboko. Cha kumuagia Havijawa."

"Aa! Lima, lima. Mimi nipo."

Yupo mpaka leo. Nendeni mtoni mkamwone: mwili wote majini, macho nje, masikio nje, twi! twi! Anangoja. Havijawa alimaliza chuo, akarudi akiwa mganga wa mifupa, na hakurudi kwa mgongo wa mtu. Alivuka kwa miguu maji yalipopungua, akamfundisha mbayuwayu kuwaonyesha wanafunzi wengine mahali hapo pa kupita. Waliovunjika aliwaunga. Jioni alicheza na mama yake, kwa raketi ile ile, na mama yake alikuwa mchezaji mbaya sana.

Sasa mafunzo, maana nisipowapa mafunzo wazazi wenu watanuna. Kwanza, mtoto asimdanganye mkubwa hata siku moja. Pili, ukitaka kitu, kiseme wazi kwa mhusika, naye atakupatia bila kukusumbua. Tatu, mchezo haumsaidii mtu masomoni. Na nne, lile kubwa kuliko yote: mpira ni mpira.

Nyamazeni. Nimesema ni mafunzo, sikusema ni kweli.

Ngano yangu nimeitua hapa. Aliyeshiba aende akalale. Mwenye njaa ashuke mtoni akangoje na Kiboko.