Kifaru Aliyelalia Maranda ya Daraja

Paukwa!
— Pakawa!
Paukwa ng'ambo hii!
— Pakawa ng'ambo ile!
Na katikati pana nini?
— Pana mto!
Na juu ya mto?
— Daraja, halijaisha!
Basi sogeeni, tulimalize.

Hapo zamani za kale, wanyama wa Mto Kigozwe walichoka kuvuka kwa kulowana. Wakasema, tujenge daraja letu wenyewe. Hawakuita fundi wa kutoka mbali. Nyani wakaponda kokoto, Kobe akaendesha mashine ya kuchanganyia zege, Nyumbu wakabeba mchanga. Mashine ile ilikunywa dizeli kama mgeni anayekunywa uji, kikombe juu ya kikombe. Usiniulize waliitoa wapi. Hadithi ni yangu, na mashine ni yangu.

Nyapara wa kazi alikuwa Bwana Kifaru. Alikuwa mkubwa, alikuwa na nguvu, na alikuwa mlafi kupita kiasi. Kila alichokiona alikiita chake.

Na mwangalizi wa mafuta alikuwa Mwanamvua Chura. Huyu alikuwa mdogo, angeweza kukaa ndani ya kikombe na mfuniko ukafungwa. Lakini mdogo huyo alikuwa na maringo ya kazi yake. Alichimba shimo la kuwekea mapipa ya dizeli, akalizungushia ukingo wa udongo, akalitandika turubai. Akaweka sinia pana chini ya koki ya pipa, likinge matone. Akapanga magunia ya maranda ya mbao kando, ili mafuta yakimwagika yanyonywe upesi. Kila asubuhi, kabla halijashikwa chepe, aliruka juu ya jiwe akauliza.

"Pipa liko wapi?"

"Shimoni," waliitika wote.

"Sinia liko wapi?"

"Chini ya koki."

"Maranda yako wapi?"

"Karibu na mkono."

Ndipo kazi ilianza. Walijivunia wimbo wao huo, na hakuna tone lililowahi kugusa mto.

Mwanamvua alikuwa na sababu nyingine ya kuwa mkali. Chini kabisa, pale mfereji wa kazini ulipoingia mtoni, palikuwa na kidimbwi. Ndani ya kidimbwi walikuwamo wanawe, viluwiluwi mia tatu, miguu ya nyuma imeshachomoza. Siku chache tu zilibaki watoke majini. Dizeli ikifika kidimbwini, hatoki hata mmoja. Alilijua hilo kila alipofumba macho.

Jumatatu, Kifaru akalichukua sinia. Mwanamvua alimkuta amelijaza ugali, anakula, nyam, nyam, nyam.

"Shikamoo Bwana Kifaru. Sinia hilo ni la kukingia matone."

"Marahaba. Matone mangapi?"

"Hata moja likianguka, linafika mtoni."

"Basi mto utalinywa. Mto una tumbo kubwa kuliko langu."

Jumanne, Kifaru akayachukua maranda. Mwanamvua alimkuta ameyashona godoro, amelilalia, khoroo, khoroo, khoroo.

"Shikamoo Bwana Kifaru. Maranda hayo ni ya kunyonya mafuta yakimwagika."

"Marahaba. Yamemwagika?"

"Hayajamwagika."

"Basi acha yaninyonye uchovu."

Jumatano, Kifaru akalichukua shimo. Aliyaviringisha mapipa yote nje, akayaacha mlimani juu ya mfereji, akajaza matope, akajitosa, chubwi.

"Shikamoo Bwana Kifaru. Shimo hilo ni la mapipa."

"Marahaba. Mapipa yana ngozi inayowasha?"

"Hayana."

"Mimi ninayo. Nenda kaimbishe watu wako."

Asubuhi ya Alhamisi Mwanamvua aliruka juu ya jiwe kama kawaida. Akauliza pipa liko wapi. Wakaitika kwa sauti za chini kwamba liko mlimani, juu ya mfereji. Akauliza sinia liko wapi. Wakasema liko mbele ya Bwana Kifaru. La maranda hakuliuliza, maana mkoromo ulishamjibu. Alishuka kwenye jiwe wimbo haujaisha.

Jua lilipofika utosini, Kifaru alitoka kwenye matope yake. Ubavu ulimwasha. Akatafuta pa kujikunia, akaliona pipa. Akajikuna, kwaru, kwaru, kwaru. Pipa likayumba. Akajikuna tena, kwaru, kwaru. Pipa likaanguka, guduu! Koki ikakatika, na dizeli ikatoka, glu, glu, glu, ikaingia mferejini, ikaanza kuteremka.

Mwanamvua aliisikia harufu kabla hajaona. Hakusimama kuomboleza.

"Zimeni mashine," alisema. "Asiwashe mtu moto. Nyani, inueni pipa. Zibeni tundu."

Nyani wakaliinua pipa, wakasokomeza kitambaa kwenye tundu. Glu ya mwisho ikakatika. Lakini nusu ya pipa ilikuwa mferejini tayari, inatambaa polepole kuelekea kidimbwini.

"Leteni maji," akaamuru Kifaru. "Mwageni ndoo mia, mafuta yaende zake. Mkaguzi wa mto anakuja alasiri, sitaki aone kitu."

"Bwana, maji yatayasukuma mafuta mpaka mtoni," alisema Mwanamvua. "Wanangu wako kule chini."

"Chura hakosi watoto. Utazaa wengine."

Nyani walishika ndoo, wakatazamana. Walimpenda Mwanamvua, ila nyapara ni nyapara. Na Mwanamvua aliposikia neno lile, moyo ulimgeuka baridi. Tangu hapo hakumwomba Kifaru tena.

Sasa sikilizeni. Kifaru haoni mbali, lakini masikio yake huokota hata jani linapodondoka. Mwanamvua alirukia gamba la Kobe, akamnong'oneza, mnong'ono wa chura ambao hata viziwi wangeusikia.

"Kobe, ndugu yangu, nina siri. Mkaguzi anakuja na mkokoteni mzima wa miwa. Ni zawadi ya shujaa wa mto, yule atakayekutwa amelala ndani ya mfereji, ameuziba kwa tumbo lake. Nenda wewe kabla wakubwa hawajasikia."

Kobe ni mzito wa miguu, si mzito wa akili. Akaitazama dizeli, akamtazama Mwanamvua, akaelewa.

"Miwa ile minene?" aliuliza.

"Minene kama shingo ya Nyumbu."

"Basi naenda," alisema Kobe, akaanza safari, papatu, papatu.

Hakufika hatua ya tatu. Kifaru alimpiga kikumbo, Kobe akageuka miguu juu, na Kifaru akajibwaga ndani ya mfereji chini kabisa, PUU! Mfereji wote ukazibika. Dizeli ikaja, ikamgonga tumboni, ikasimama. Nyuma yake hakikupita hata kitone.

"Nimelala mimi," alisema Kifaru. "Shujaa ni mimi."

"Sikubali," alisema Mwanamvua kwa sauti ya uchungu. "Shujaa wa kweli hulala na godoro lake, na wewe huna."

"Sina? Nyani, leteni godoro langu."

Nyani wakalileta mbio.

"Shujaa hulalia godoro lililochanwa, maranda yote yamwagwe mbele ya tumbo lake," alisema Mwanamvua.

"Lichaneni, limwageni."

Wakalichana, wakamwaga. Maranda yakanyonya, fyonzo, fyonzo, fyonzo. Dizeli ikageuka uji, uji ukageuka mkate.

"Shujaa huweka sinia lake chini ya koki, miwa yake isianguke mavumbini."

"Liwekeni."

Wakaliweka chini ya tundu lililozibwa, likakinga michirizi iliyokuwa bado inavuja.

"Na shujaa humwachia mgeni shimo lake. Matope yatolewe, mapipa yarudi ndani, mgeni apate pa kuegemea."

"Fanyeni haraka, miwa inachacha," alisema Kifaru.

Wakafanya haraka. Nyumbu walichota matope, Nyani waliviringisha mapipa, na hata Kobe, alipogeuzwa akasimama, alisukuma kwa kichwa. Nawaambieni, sijaona kazi iliyofanywa kwa raha kama ile. Walikuwa wanaurudishia mto heshima yake, na kila mmoja alijua anachokifanya isipokuwa aliyelala. Maranda yaliyolowa waliyazoa kwa machepe, pamoja na udongo wote uliokunywa dizeli, wakayafungia kwenye mapipa matupu. Maji hawakumwaga hata kijiko.

Alasiri Mkaguzi akatua. Alikuwa Korongo, miguu mirefu, maneno machache. Alitembea mfereji wote. Akashuka kidimbwini, akachota maji kwa mdomo, akayashika, akayameza. Mwanamvua alisimama nyuma yake hana pumzi. Kisha akaona kiluwiluwi mmoja akipita kati ya miguu ya Korongo, halafu wa pili, halafu kundi zima, wanachezesha mikia kana kwamba hakuna lililotokea duniani. Akalia, na hakujificha.

"Maji ni safi," alisema Korongo. "Nani kaziba mfereji?"

"Mimi," alisema Kifaru kutoka mferejini, tumbo jeusi tititi. "Miwa yangu iko wapi?"

"Miwa gani?"

Kifaru akamgeukia Mwanamvua. "Huyu alisema kuna miwa."

"Mimi nilikuwa nazungumza na Kobe," alijibu Mwanamvua kwa adabu. "Sikujua kama mkubwa mzima husikiliza siri za watu."

Nyani waliangalia mawinguni, mabega yanawatikisika. Kifaru angesema nini, kwamba alitega sikio? Kwamba alimpindua Kobe kwa ajili ya miwa?

"Lakini usikasirike, Bwana Kifaru," aliendelea Mwanamvua. "Heshima yako ipo. Bwana Mkaguzi, kazi hii haijawahi kupata kizibo bora kuliko huyu. Naomba iandikwe sheria. Siku shimo likikosekana, au sinia, au maranda, Bwana Kifaru alale mferejini badala yake mpaka kipatikane."

Korongo akamtazama Kifaru. Akamtazama Chura. Akaandika.

Kifaru alisuguliwa kwa mchanga mkavu siku tatu, maana mtoni hakuruhusiwa kuingia na dizeli mwilini. Na toka siku hiyo ukitaka kumwona amekasirika, gusa gunia moja la maranda. Aliyalinda usingizini, aliyalinda machoni. Alikula ugali kwenye jani la mgomba. Alioga mbali kabisa na shimo. Daraja likaisha, refu, zuri, na maji chini yake yanaonyesha mpaka kokoto. Siku ya kulifungua, Kifaru alijitangaza kwa kila aliyepita kwamba yeye ndiye aliyeuokoa mto. Mwanamvua alimpigia makofi. Alikuwa amekaa kwenye ukuta wa daraja na vyura wachanga mia tatu, kila mmoja na miguu minne, na hakuhitaji kujitangaza.

Hadithi imevuka, mimi nimebaki huku. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aitie chumvi.

Funzo lake ni jepesi, watoto. Msisumbuke na mashimo, masinia wala maranda, hizo ni mbwembwe za vyura. Mkijenga daraja, tafuteni mlafi mmoja mnene, mmpe unyapara.