Kiboko Mfagiaji na Vitunguu vya Kuchakulo

Watoto, ngano yangu ina mkia!
— Tuushike!
Mrefu huo!
— Tuuvute!
Haya, vuteni polepole, usije ukakatika.

Kiboko alikuwa bwana wa bonde zima, mwenye migomba mia. Kila asubuhi alifagia chini yake, fya! fya! fya! Hata jani moja halikubaki.

Jirani yake alikuwa Kuchakulo, mnyama mdogo anayekaa shimoni, mama wa watoto sita. Yeye alikuwa na migomba mitano tu, na hicho ndicho kilichokuwa chakula chao chote. Chini ya migomba alipanda vitunguu majani, tele, vinanuka mpaka kisogoni.

Siku moja mgomba wa Kiboko ukageuka njano. Pu! Chini.

"Lo! Nani kausukuma?"

Hakuna aliyeusukuma. Kesho yake, pu! pu! pu! Kiboko akapasua shina. Lo, ndani jekundu kama kidonda!

"Masalale! Udongo unakula migomba yangu!"

Akafagia zaidi. Fya! fya! fya! Pu! pu! pu! Ikabaki miwili.

Akachungulia kwa jirani. Mitano yote imesimama, kijani, mikungu imeinama! Kiboko akabaki mdomo wazi, nzi wakaingia, wakatoka.

"We kidude! Tunabadilishana mashamba. Leo hii!"

"Bwana Mkubwa! Na wanangu wale nini?"

"Shamba langu kubwa. Shukuru!"

Kuchakulo akawatazama wanawe sita. Akikataa, atakanyagwa. Akafuta machozi, akasema kwa upole, "Sawa, Bwana wangu. Ila nakuachia na vitunguu. Naomba uvinuse asubuhi na jioni."

"Nivinuse? Mimi?" Kiboko akaziba pua. "Ng'oa uvundo wako! Ukiacha hata mzizi mmoja, nakukanyaga!"

"Hata mmoja, Bwana?"

"Hata mmoja!"

Basi Kuchakulo na wanawe sita wakang'oa, nyofo! nyofo! nyofo! Wakajitwika, wakaenda kuvipanda kuizunguka ile migomba miwili na machipukizi yake.

Kiboko akaingia shamba jipya kwa miguu ileile, na matope yaleyale. Akafagia, fya! fya! fya! Mwezi haujaisha: pu! pu! pu! pu!

Wa tano je?

— Pu!

Kiboko akaja mbio, anahema. Lo! Ile miwili imenenepa, machipukizi yamejaa, watoto sita mashavu yametuna kwa ndizi.

"Toba! Udongo wangu uleule! Umefanya nini?"

"Nimetii tu, Bwana. Sikuacha hata mzizi mmoja."

Kiboko akashuka mtoni na njaa yake. Mpaka leo yumo humo, anakula majani.

Basi watoto, mafunzo ni haya: fagieni chini ya migomba mpaka pang'ae, na kitunguu kisisogee hapo kamwe. Ndivyo asemavyo Kiboko.

Mbona mnacheka? Si ndiye mkubwa?

Mkia wangu umeisha. Nani kaushika?
— Sisi!
Msiuachie.