Mtunza Zamu Aliyepimwa Wakati wa Masika

Mtu mmoja alikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa la milimani kwetu Upare: maji ya kijito hukusanywa humo, na asubuhi hufunguliwa yashuke kwa mifereji hadi mashambani. Mtu huyo, Elinami, alirithi ndiva ya baba yake pamoja na watu wake wote, mashamba tisini na mifereji minne, naye aliwapenda watu hao kwa dhati. Baba yake alikuwa akizishika zamu zote za maji kichwani. Elinami alijua kwamba yeye hana kichwa cha namna hiyo, akatafuta mtunza zamu.

Wakaja wawili. Sifueli alikuwa na daftari moja na mwandiko wa kupendeza, mtu mchangamfu, anayekujibu kabla hujamaliza kuuliza. Namkunda alikuja na ubao, chaki na karatasi nne, moja kwa kila mfereji. Kila alichotaka kuandika alikisoma kwanza kwa sauti, na mtu angeweza kupiga miayo miwili akimngoja. Elinami akaamua kuwapima. Akamwita jirani yake Navoneiwa, mjane mwenye shamba moja tu la maharage, akamwambia aombe zamu kwa huyu, kisha kwa yule. Kwa Sifueli hakuwahi hata kuketi. Kwa Namkunda aliketi, akanyoosha na miguu. Elinami akamchagua Sifueli, wala mimi simlaumu sana, maana nani hapendi kujibiwa upesi? Ila alisahau jambo moja. Yalikuwa masika, mvua inanyesha kila siku, na hapakuwa na mtu mwenye haja ya maji.

Kiangazi kikaingia, maharage yakiwa katika maua. Asubuhi moja wakafika watu arobaini kwa Sifueli. Daftari ni lile lile moja. Alipokuwa akimwandikia mmoja, wengine wote walisimama, hata wale waliotaka tu kutazama zamu yao ni lini. Sifueli alikuwa na moyo mwema, na moyo huo ndio uliomponza. Aliona haya kuwasimamisha wakubwa zake juani, akaanza kuwasikiliza wawili wawili. Navoneiwa alichungulia ukurasa, akaona Alhamisi asubuhi ni wazi. Kiangi, jirani wa shamba, alichungulia upande wa pili, akaona vivyo hivyo. Sifueli akawaitikia wote wawili. Akaandika jina la Navoneiwa, kisha kwa haraka ile ile akaandika la Kiangi juu yake.

Alhamisi Navoneiwa alifika na jembe lake, akakuta maji yamegeuzwa kwa Kiangi. Daftari likaletwa. Ndani yake palisomeka Kiangi peke yake, kana kwamba mama yule hakuwahi kuomba. Hakuna aliyekuwa amedanganya, na hilo ndilo lililouma zaidi. Kiangi, Mungu ambariki, alimtazama, akakata ukingo wa mfereji, akamgawia nusu. Lakini maji ya shamba moja hayatoshi mawili. Maua yalipukutika huku na huku. Kwa Kiangi hilo lilikuwa shamba moja kati ya matatu; kwa Navoneiwa lilikuwa chakula cha wanawe hadi vuli.

Akaenda kwa Elinami. Hakulia, hakupandisha sauti. Alimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama majirani wanavyoitana.

“Baba Mcharo, siku ile uliponiita tumpime Sifueli, nilikuja peke yangu. Hivi maji yako yanaombwa na mtu mmoja?”

Elinami aliona aibu, na aibu yake ilikuwa ya mtu anayependa. Akampimia maharage kutoka ghalani kwake mwenyewe, kisha akapanda kwa Namkunda kumwomba radhi na kumpa kazi ile. Siku ya pili yake ubao ulitundikwa nje, na mwenye kutaka kutazama alitazama bila kumwuliza mtu. Wa mfereji wa juu hawakuwangoja wa mfereji wa chini, kwa kuwa kila mfereji ulikuwa na karatasi yake. Wawili walipotaka saa ile ile, Namkunda alimsikiliza wa kwanza peke yake hadi jina lake lisomwe na kuandikwa, ndipo akamwambia wa pili, “Hii imeshachukuliwa mwenzangu, chagua nyingine.” Huyo alinung'unika kidogo, lakini aliondoka akiwa na zamu ya kweli. Kila mmoja alingoja kidogo zaidi ya alivyongoja Navoneiwa kwa Sifueli wakati wa masika, na wote arobaini walikuwa mashambani kabla jua halijawa kali. Sifueli hakutupwa. Elinami alimpa daftari la mizinga yake ya nyuki, ambalo ni yeye peke yake anayeliuliza, na hadi leo hakuna daftari safi kama lile.

Nanyi wapendwa wangu, mmekuja kuniuliza kumbukumbu za zahanati yenu mziweke kwenye hifadhidata gani, na mnaisifu ile iliyowajibu upesi mlipoijaribu ofisini kwa mtu mmoja tu, mkiwa mmefunga mlango. Wauguzi wenu wanapofungua faili la mgonjwa yule yule kwa wakati mmoja Jumatatu asubuhi, ni maandishi ya nani yatakayoandikwa juu ya yale ya mwenzake?