Saa Kumi na Mbili za Mtambo wa Chimbuto

Sogeeni. Mwenye simu aizime, na mwenye haraka aende zake sasa hivi, maana hadithi hii ina hesabu ndani yake na mimi sirudii hesabu.

Palikuwa na mji ukiitwa Chimbuto, na mji huo ulikuwa na mtambo mmoja mkongwe wa umeme, unaokula gesi. Walioutunza walikuwa watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mzee Chitanda, mtu wa zamu, alikuwa na kipaji cha kuandika; jambo likipita mbele yake bila kuandikwa, alikosa usingizi. Nandonde, fundi umeme, alikuwa na mikono. Redio iliyozikwa na wenzake, yeye aliifufua. Mwanaidi, msoma mita za gesi, alikuwa na kipaji cha kutoamini. Ukimwambia leo ni Jumanne, anaangalia kalenda kwanza. Juu yao alikuwepo Injinia Somoe, mkuu wa kituo, ambaye kazi yake kubwa, masikini, ilikuwa kuandika barua zisizozaa kitu.

Kituoni pale kulikuwa na desturi. Mtambo ukisimama kwa ubovu, aliyeurudisha ndiye anayebonyeza kitufe cha kuuwasha, kisha jina lake linaandikwa kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa chuma. Majina matano yalikuwa yameshaandikwa. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya jina moja.

Sasa sikilizeni balaa. Asubuhi moja mita ya saa, ile inayohesabu mtambo umefanya kazi kwa muda gani, ikaonyesha sifuri nne zimejipanga. Mtoto angecheka. Somoe hakucheka. Aliuzima mtambo, maana mita ile ndiyo umri wa mtambo. Tangu matengenezo makubwa ya mwisho, mita ilipoanzishwa sifuri, mtambo uliruhusiwa kuwaka saa elfu ishirini na nne tu. Zikitimia, ufunguliwe, mapanga yanayozunguka ndani yake yabadilishwe. Ukizidisha, panga moja likikatika katikati ya mbio, mtambo unajitafuna wenyewe, na aliye karibu hasimulii.

Mkaguzi, Bwana Kyando, akaja na mkoba wake.

"Nipe namba yenye ushahidi, Injinia. Bila hiyo, hamuwashi."

"Pampu za maji zimesimama, Bwana Kyando. Tenki la mji limekauka."

"Namba yenye ushahidi," akarudia, akafungua gazeti.

Umeme wa kuazima kutoka mbali ulitosha hospitali peke yake. Siku ya tatu akina mama wakaja kupanga foleni kwenye geti la kituo, kila mmoja na ndoo tupu. Hawakutukana wala hawakuimba. Walikaa tu juu ya ndoo zao, wakimtazama Somoe akiingia na akitoka. Somoe alikasirika hadi kichwa kikamgonga. Kwa miaka minne alikuwa ameomba kadi mpya ya mita, na kila barua ofisi kuu ilimjibu kwa sentensi ileile: ombi lako linashughulikiwa.

Nandonde akasema, "Bosi, nyuma ya kabati kuna kadi ya akiba. Namba huwa inajihifadhi humo. Ila kutu imeila miguu."

Akaanza kuilehemu. Miguu ishirini na minane, kila mmoja akauungia uzi mwembamba kama unywele, kwa miwani ya kuazima. Mara tano alimaliza, mara tano kadi ikanyamaza. Vidole vikamvimba kwa kuungua. Siku ya tisa tarakimu zikawaka: 6140. Somoe akawahi kupiga picha kwa simu, na kabla hajaishusha, moshi ukatoka na kadi ikafa moja kwa moja. Nandonde akakaa sakafuni akalia, mtu mzima na ndevu zake.

"Saa elfu sita na ushee!" Somoe akapiga makofi. "Mtambo bado kijana!"

Kyando akatoa kalamu. Lakini Somoe akasita. Mita ile ilikuwa na tarakimu nne tu. Ikifika 9999, inaanza upya. Imeanza upya mara ngapi? Hapo akakumbuka kitu, na mashavu yakamwaka kwa aibu.

Akamfuata Mzee Chitanda kwenye chumba cha zamu.

"Shikamoo, Mzee. Yale madaftari yako..."

"Marahaba. Madaftari gani? Si ulisema kompyuta inakuja, tuache kuchafua karatasi?"

"Mzee, siku tisa mji hauna maji, na wewe umekaa kimya?"

"Sikukaa kimya. Siku ya kwanza nilikuja na mfuko wangu mpaka mlangoni kwako. Ukasema, Mzee, leo sina muda wa madaftari. Hukuinua hata macho."

Ilikuwa kweli. Somoe akavuta kiti, akakaa, akaomba radhi kwa maneno mazima, bila kukata kona. Mzee akamwacha aombe mpaka mwisho, kisha akauvuta mfuko kutoka chini ya meza. Yalikuwa madaftari ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Alikuwa ameandika kila siku ya Mungu, kwa kalamu aliyojinunulia. Ukurasa mmoja ulisema: *Leo saa nne asubuhi mita imetoka 9999 imerudi 0000. Nimemwambia Injinia. Amecheka.* Daftari lingine, miaka miwili mbele: *Mita imerudi 0000 mara ya pili. Sijamwambia mtu.*

Mara mbili, basi. Elfu ishirini, jumlisha 6140. Wakarudi na mfuko pale walipokuwa Kyando, Nandonde na Mwanaidi.

"Elfu ishirini na sita, mia moja na arobaini," Kyando akasema, akafunga kalamu. "Mmezidisha kwa saa elfu mbili na zaidi. Mngeuwasha kwa ile furaha yenu, ningekuwa naandika ripoti ya msiba. Mtambo huu unafungwa, unasafirishwa ng'ambo ukachunguzwe. Mwaka mzima, kama mna bahati."

Somoe akashika tama. Dirishani aliziona ndoo.

"Mimi siamini," Mwanaidi akasema.

"Huamini nini tena?" Kyando akafoka. "Hesabu ya darasa la tatu?"

"Hesabu naiamini. Mita ndiyo siiamini. Mzee, soma Idi ya mwaka juzi. Mimi siku zile mbili nilikuta gesi imefungwa kabisa."

Mzee Chitanda akafunua. "Siku zile mbili mita imeongezeka saa arobaini na nane."

"Mtambo unawakaje bila gesi?"

Nandonde akaruka kutoka sakafuni. "Hauwaki! Ukizimwa, mota inauzungusha polepole usije ukapinda. Mita imehesabu mzunguko, haikuhesabu moto!"

Na kinachochosha mapanga ni moto. Mwanaidi akaleta vitabu vyake vya gesi, akaviweka kando ya madaftari ya Mzee, akashuka nayo mstari kwa mstari siku mbili nzima, chai ikipoa na kuletwa nyingine. Saa ambazo mtambo ulizunguka bila gesi zilikuwa 2,152. Akazitoa kwenye 26,140.

Zikabaki 23,988.

Kyando akapiga hesabu mara tatu, akatafuta kosa kwa hamu, akalikosa. Akasaini.

"Mna saa kumi na mbili. Zikiisha, mnafungua mtambo. Siku arobaini."

Siku kumi na moja za kuungua, kuomba radhi na kupofuka macho, zimezaa saa kumi na mbili! Somoe alitamani kulirusha dawati dirishani. Lakini pampu zikifanya kazi mchana kutwa, tenki lingejaa pomoni, na kwa kubana matumizi lingewavusha watu siku hizo arobaini. Akaenda getini mwenyewe. "Kesho, saa kumi na mbili asubuhi," akawaambia akina mama. "Njooni na kila chenye uwazi."

Jibu la ofisi kuu nalo, kwa mara ya kwanza, likaja upesi: wakati wa matengenezo watafunga mfumo mpya, na mtambo utawashwa kwa kompyuta kutoka makao makuu. Kitufe kitang'olewa. Maana yake, kesho kingebonyezwa mara ya mwisho.

Asubuhi ilipofika, watatu wakasimama mbele ya mlango wa chuma. Somoe alishika kopo la rangi mkono mmoja na brashi mkono wa pili.

"Bila namba yangu hamkuwa na pa kuanzia," Nandonde akasema, vidole vyake vimefungwa bandeji. "Na ile kadi haitasema tena, kwa mtu yeyote."

"Namba yako peke yake ingetuua," akasema Mzee Chitanda. "Mlishaanza kushangilia. Madaftari yangu ndiyo yaliyowazuia."

"Na madaftari yako, Mzee wangu, yaliuzika mtambo ukiwa hai," akasema Mwanaidi. "Mimi ndiye niliyeutoa kaburini. Halafu hebu soma hayo majina matano. Mwanamke yuko wapi?"

Somoe akayasoma, ingawa aliyajua kwa moyo. Moyo wake ulikuwa hauna raha. Akimpa Mzee, watasema analipa deni la dharau yake. Asipompa, atakuwa amempuuza tena. Nandonde atahamishwa mfumo mpya ukija, na ile kadi ndiyo kazi yake ya mwisho pale. Mwanaidi siku zote huwa sahihi, na siku zote husahauliwa.

Msiniambie wabonyeze wote. Kitufe kinatosha kidole kimoja, na mlango una nafasi ya jina moja. Msiniambie pia abonyeze Kyando. Huyo arudi kwenye gazeti lake.

Akina mama getini wameshafungua mabomba, wanayasikiliza yakikoroma upepo mtupu. Zimebaki dakika tatu kutimia saa kumi na mbili asubuhi. Rangi inadondoka kutoka kwenye brashi ya Somoe, na brashi hiyo sasa naiweka mkononi mwako. Utaandika jina la nani?